Mtungi wa Njia ya Maikona

Mimi nauza mitungi. Si mipya, mipya iko madukani na anayeitaka akainunue huko. Yangu ni ile ya manjano ya lita ishirini iliyoingia mjini na mafuta ya kupikia, ikamaliza kazi yake ya kwanza mahotelini, nikaichukua, nikaiosha kwa maji moto, mchanga na sabuni ya unga, nikaipanga nje ya kibanda changu, hatua chache kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nikiupiga mtungi kwa kidole najua kama una ufa. Nikinusa mdomo wake najua ulibeba nini, na kama utawahi kubeba kitu kingine. Mafuta hutoka. Siki hutoka. Petroli haitoki. Mtungi ukishaonja petroli, maji umeyaaga.

Naeleza haya mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, na zamu yenyewe mara nyingi hurukwa. Siku ya maji ukiamka alfajiri utakuta foleni bombani, lakini watu hutawakuta. Utakuta mitungi. Wenyewe wamerudi kulala au wanachemsha chai, na mitungi yao imesimama pale badala yao, mmoja umefungwa utepe mwekundu, mwingine umepigwa herufi kwa rangi, mwingine mshikio wake umeshonwa kwa waya. Hakuna anayethubutu kuuruka mtungi wa mwenzake. Nimeona wanaume wazima wakishikana mashati kwa sababu mtungi ulisogezwa nyuma hatua mbili. Kwetu mtungi uliosimama foleni ni mtu. Lakini mtungi ulio peke yake kando ya barabara, huo ni wa mwenye macho, na mimi macho ninayo.

Safari yenyewe ilianza na mbuzi. Kila asubuhi malori huwashusha Kiamaiko, mbuzi weupe warefu, wamegandwa na vumbi ambalo si la huku kwetu. Kwa miaka yote hiyo kelele zao ndizo zilizokuwa zikiniamsha. Nikiwauliza madereva wametoka wapi, hunyoosha kidole kuelekea Thika na kusema, "Huko juu." Sasa, huko juu nilikujua tangu utotoni, kwa namna fulani. Baba yangu, aliyetoka magharibi kuja kufanya kazi kiwandani, alibandika ramani ya Kenya ukutani kufunika ufa. Upande wetu wa magharibi majina yalikuwa yanakanyagana. Upande wa juu ulikuwa mtupu, jina moja hapa, jingine kule mbali, na ziwa refu la buluu. Nilimwuliza huko kunakaa nani. "Huko?" akasema. "Huko hakuna mtu." Baba hakuwa mwongo. Alikuwa tu hajafika.

Nilipokaribia miaka hamsini nilimwambia mke wangu kwamba nataka kwenda kuliona lile ziwa, na nitakwenda kwa pikipiki. Alikuwa anakata mboga za sukuma, hakuinua macho.

"Ukifia huko usinipigie simu," akasema.

Kisha akampigia kaka yake. Shemeji yangu ni fundi wa pikipiki, ana miaka thelathini na kitu, mtu wa maneno machache na mikono isiyotakata. Alitumwa anizuie. Badala yake alikuja Jumapili na spana zake, akafungua injini ya pikipiki yangu, akabadilisha cheni, breki na vitu vingine ambavyo sikuviuliza, akanawa, akasema, "Shemeji, tutaenda wawili." Nadhani alikuwa akiitamani safari hiyo kuliko mimi, ila hakuwa na ujinga wa kuitamka mbele ya dada yake.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu shemeji. Kwao na kwetu, watu walioingiliana kwa ndoa hawapingani hovyo. Anaweza kunicheka akinikuta nimefunga tairi vibaya, lakini hawezi kuniambia usoni kwamba nimekosea. Atauliza. Akiuliza mara ya pili, mwenye akili hujua. Asiye na akili huendelea na mambo yake.

Siku ya kwanza tulilala Isiolo na ya pili Marsabit. Lami inafika hadi huko na zaidi, na lami haina hadithi nyingi, ila kwamba baada ya mji wa Archers kila kilima kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhani kilima kinaruhusiwa kuwa. Mlima wenyewe wa Marsabit tuliupanda kwenye ukungu, meno yakigongana kwa baridi, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa jangwa. Hapo ndipo tulinunua petroli ya akiba. Tuliibeba kwenye chupa za soda za lita mbili, tukazifunga kwa mipira nyuma ya viti. Mimi, muuza mitungi, nimesafiri bila mtungi. Kinyozi hajinyoi.

Asubuhi ya siku ya tatu tulishuka mlima, tukaiacha lami, tukashika njia ya kushoto iendayo Maikona. Nusu saa hivi baadaye ukungu ulikwisha ghafla, na nchi ikafunguka.

Nimejaribu kuwaeleza watu kibandani nilichokiona na nimeshindwa. Chini palikuwa na mawe meusi, makubwa kama vichwa vya watu, yamemwagika kutoka tulipokuwa hadi mwisho wa macho. Hakuna mti. Hakuna ukuta, hakuna waya, hakuna paa. Juu palikuwa na mbingu ambayo haikuwa na kitu cha kuishika pembeni, kwa hiyo ilikuwa imeshuka hadi chini pande zote. Nimezaliwa katika chumba kimoja na nimeishi katika viwili. Upana mkubwa niliowahi kuuzoea ni uwanja wa mpira. Nilisimamisha pikipiki bila kumwonyesha shemeji ishara, akanusurika kunigonga. Tukazima injini.

Kimya kilinishtua zaidi ya ule upana. Nilikuwa sijawahi kukisikia. Hata usiku wa manane kwetu kuna redio ya mtu, mtoto wa mtu, mbwa, lori. Pale palikuwa na upepo mdogo na mlio wa injini ikipoa, tik, tik, kisha hata huo ukaisha. Nilisikia damu ikipita masikioni mwangu. Niliogopa, na nilifurahi kwa kuogopa, na nilitamani baba angekuwa hai nimlete aone lile eneo tupu la ukutani.

"Shemeji," akasema mwenzangu, kwa sauti ya chini kama tuko kanisani. "Hii yote ilikuwanga hapa?"

"Imekuwa hapa."

"Na sisi tukibanana kule."

Alipoinama kuangalia magurudumu ndipo alipoona kwamba chupa zangu za petroli zilikuwa zinavuja. Mitikisiko ilikuwa imezikwaruza, mbili zimepasuka shingoni, na suruali yangu yote ilinuka. Tulizikaza kwa vitambaa tukaenda polepole, na mimi moyoni nikiomba. Tukikosa ile petroli, tutafika Kalacha, labda North Horr, lakini ziwani hatufiki.

Ndipo nikauona. Ulikuwa kando ya njia, upande wa kulia, mtungi wa manjano wa lita ishirini, umesimama wima katikati ya mawe matatu yaliyopangwa kama mafiga. Nilishuka. Nilifungua kifuniko, nikanusa. Mtupu, mkavu, msafi. Ulikuwa umebeba maji tu, na ulikuwa umesuguliwa na mtu anayejua kusugua. Kwenye mshikio palifungwa kitambaa cha buluu kilichopauka kwa jua. Niliupiga kwa kidole. Hauna ufa.

"Mungu si Athumani," nikasema.

Shemeji alikuwa bado juu ya pikipiki yake. "Hiyo mtungi ni ya nani, shemeji?"

"Imeanguka kwa lori."

Akayatazama yale mawe. "Ikaanguka ikasimama?"

Hilo lilikuwa swali la pili. Nililisikia vizuri kabisa.

"Shemeji, hapa kuna mtu unamwona?"

Aligeuza kichwa, akatazama pande zote nne za dunia. "Zii," akakiri.

"Basi."

Nikamimina petroli yote humo, chupa baada ya chupa, nikaufunga mtungi nyuma ya kiti changu. Nakumbuka nilikuwa napiga mluzi. Sikufikiria foleni ya bombani. Sikufikiria kitu chochote ila ziwa.

Maikona tulipita tukanywa chai, tukaendelea. Mchana mawe meusi yaliisha na nchi ikawa nyeupe. Upande wa kushoto lilianza jangwa la Chalbi, sakafu ya chumvi isiyo na mwisho, na juu yake maji yanang'aa ambayo si maji. Tuliyaona yakitukimbia kwa saa nzima. Ngamia walikuwa wanapita humo mbali, miguu yao haigusi chini. Shemeji aliacha kabisa kuongea. Nikimtazama, nilikuta anatabasamu peke yake ndani ya kofia. Tulifika Kalacha saa tisa, tukakuta miti ya mikoma na chemchemi, maji ya kweli yanayotoka ardhini yenyewe bila bili wala zamu. Nilikaa kando yake nimetia miguu ndani, nikayatazama yakitoka tu, yakitoka tu.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa kwenye hoteli ndogo ya makuti, tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia, pikipiki zetu ziko nje mlangoni. Lori likaja likaegeshwa karibu nazo. Dereva akashuka, mwanamume mrefu wa makamo, kilemba kichwani, akaingia, akasalimia watu wote, akanitazama.

"Wewe ni ile mzee ya mitungi," akasema. "Kiamaiko."

Nilimtambua. Kwa miaka alikuwa akipita mbele ya kibanda changu na mbuzi, nami hata siku moja sikuwa nimemwuliza hiyo "huko juu" yake inaitwaje. Tulishikana mikono kwa furaha. Shemeji akasogea, dereva akaketi, akaletewa chai. Alikunywa nusu kikombe kabla hajasema neno, kisha akaanza kusimulia, si kwangu hasa, ila kwa meza nzima na kwa mama mwenye hoteli.

"Kuna mama moja huko kabla ya Maikona," akasema. "Yeye anakaa mbali na barabara, saa mbili kwa mguu. Visima ya upande ile imekauka. Anaweka mtungi yake barabarani. Mimi nikipanda kutoka Marsabit nakuwa na maji kwa pipa, naisimamisha lori, namwekea. Asubuhi yake anakuja na punda, anamimina kwa vibuyu yake, anaacha mtungi pale tena. Miaka sita hiyo."

"Mnajuana?" akauliza shemeji.

"Nimemwona mara mbili. Namjua kwa kitambaa. Buluu."

Sikuthubutu kumtazama shemeji, naye, Mungu ambariki, alikuwa anaangalia meza.

"Leo nimefika," dereva akaendelea taratibu, "mtungi hakuna. Mawe iko."

"Si labda wamehama?" mama mwenye hoteli akauliza.

"Hapana. Mtu akihama anatawanya mawe, ndiyo dereva asisimame bure. Mawe iko matatu, imesimama." Akazungusha chai kwenye kikombe. "Nimepiga honi. Nimengoja. Hakuna mtu. Maji utaweka wapi? Juu ya mawe? Nimekuja nayo yote. Kesho asubuhi atatembea atafika pale, atakuta hakuna maji, hakuna mtungi. Mara ya mwisho alikuja na binti yake, tumbo iko hapa. Sasa sijui kama amezaa."

Akanywa chai yake. Hakunitazama. Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kumaliza kikombe changu, kulipa, kutoka nje, na kukifungua kile kitambaa kabla mtu hajainuka. Sitadanganya. Hesabu hiyo niliipiga.

"Dereva," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Huo mtungi ninao mimi."

"Najua," akasema. "Nimeona kitambaa nikiegesha lori."

"Na mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme."

Katika maisha yangu nimetukanwa na askari, na makondakta, na wateja walionunua mtungi mzima wakautoboa wenyewe. Hakuna lililowahi kuniingia kama hilo. Kwetu mwizi wa mtungi huitwa mwizi hadi mtaa wa pili usikie. Huyu alikuwa ameniletea kosa langu mezani, amelifunika, akaniachia mimi nilifunue.

Nilimweleza kwamba nimetia petroli ndani. Hapo ndipo alipofumba macho kidogo. Yeye pia alijua maana yake.

Dereva asingeweza kurudi. Mbuzi walikuwa wanamngoja North Horr. Petroli haikuwapo dukani Kalacha, ilikuwa inasubiriwa kuja na gari jingine wiki ijayo. Shemeji alitoka nje, akachungulia matangi yote mawili, akautikisa mtungi, akarudi akaketi karibu nami. Tulikuwa na petroli ya kwenda ziwani na kurudi Marsabit, au ya kurudi kwa yule mama kisha Marsabit. Kumfikia kesho kisha kugeuka tena kwenda ziwani, hapana. Na likizo niliyoomba kwa wateja wangu haikuwa na wiki nyingine ndani yake.

"Tukirudi kwa huyo mama, ziwa hatuioni," akasema. "Amua wewe, shemeji."

Nililiona lile ziwa la ukutani, buluu yake, kona yake iliyotoboka kwa msumari. Nilifikiria pia kumlipa mtu mwingine apeleke. Kisha nikakumbuka foleni yetu ya alfajiri, na jinsi ambavyo ningemfanya mtu aliyeutoa mtungi wangu kwenye mstari. Sikuhitaji kufikiri zaidi. Niliona aibu tu kwamba nilihitaji kufikiri hata kiasi hicho.

Nilinunua mitungi miwili dukani, iliyowahi kubeba mafuta, nikaipeleka penye chemchemi kabla jua halijatua. Niliiosha kama sijawahi kuosha mtungi. Mchanga, sabuni, majivu niliyopewa hotelini, tena mchanga. Nilinusa, nikaosha, nikanusa. Shemeji alichuchumaa akasugua wa pili bila kuambiwa. Kile kitambaa cha buluu nilikifungua, nikakifua peke yake, nikakiweka mfuko wa shati.

Tuliondoka alfajiri, mbingu ikiwa imeanza kupauka, kila mmoja na lita ishirini za maji mgongoni. Jua lilichomoza mbele yetu, na Chalbi ikawa ya waridi, kisha ya dhahabu, kisha nyeupe hadi macho yakauma. Jana yake niliipita nchi ile kama mtu anayetazama sinema. Asubuhi ile niliipita nikijua kwamba mahali fulani ndani ya utupu ule kuna mama anatembea, na kwamba utupu wenyewe haukuwa mtupu hata siku moja. Kila rundo la mawe nililiangalia mara mbili. Nilianza kuona vitu ambavyo jana sikuviona: njia nyembamba ya mbuzi, tawi lililofungwa kwenye jiwe, na baada ya Maikona, mbali kabisa, moshi mmoja. Nchi nzima ilikuwa imeandikwa, na mimi nilikuwa nimepita juu ya maandishi yake kwa magurudumu.

Tulifika saa tatu na nusu. Nilimwona kutoka mbali na nikadhani ni mtungi mwingine.

Alikuwa ameketi katikati ya yale mawe matatu, mahali pa mtungi wake. Mwanamke wa umri aliokuwa nao mama yangu alipofariki, mwembamba, shuka imezunguka kichwa, na punda amesimama nyuma yake na vibuyu viwili vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi ubavuni. Mtungi wake ulikuwa haupo, basi yeye mwenyewe alikuwa amesimama foleni. Nilizima injini mapema, nikaisukuma pikipiki hatua za mwisho kwa miguu. Hatukuwa na lugha moja.

Nilifungua mtungi wa kwanza, nikauweka mbele yake. Aliinuka, akafungua kifuniko, akainama akanusa. Alinusa kama ninavyonusa mimi, bila haraka, macho yamefumba. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Nikatoa kile kitambaa mfukoni. Alipokiona, alinitazama mimi, akautazama mtungi wake wa zamani nyuma ya kiti changu, na akaelewa yote. Sikuhitaji kufumbua mdomo. Nilitazama chini.

Alikwenda kwenye ule mtungi wa zamani. Nilijaribu kumzuia kwa mkono lakini alikuwa amekwisha kuufungua. Alinusa petroli, akarudisha kichwa nyuma kwa nguvu, na akacheka. Alicheka hadi akashika ubavu wa punda. Shemeji naye akaanza, amejizuia tangu jana, na mimi nilikuwa nimesimama kati yao, machozi yananitoka, nikacheka pia.

Alipotulia, alichukua kikombe cha bati kutoka kwenye mzigo wa punda, akamimina maji yale tuliyomletea, akanipa mimi kwanza. Nilitikisa kichwa. Hakukiondoa kikombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone; mimi sikuleta nafuu yoyote, nilirudisha tu nilichoondoa, na bado alinipa mimi kwanza. Nilikunywa. Shemeji akanywa. Kisha yeye. Baadaye aliweka mikono kifuani akaipembeza, akainua kidole kimoja, na tukajua kwamba binti amezaa.

Tulimsaidia kumimina mtungi mmoja kwenye vibuyu na kuufunga wa pili juu ya punda. Ule uliobaki mtupu aliufunga kile kitambaa, fundo alilolijua mwenyewe, akausimamisha katikati ya mawe, akausogeza kidogo ili uonekane vizuri kutoka upande wa Marsabit. Akasema maneno marefu ambayo hadi leo sijui maana yake, akaondoka na punda wake. Tulimtazama hadi akawa mdogo, na hadi tusijue tena kama ni yeye au ni jiwe. Hakuna nyumba tuliyoiona alikokuwa anaelekea. Alikwenda tu ndani ya upana ule, akijua anakokwenda.

Ziwa sikuliona. Mke wangu alipouliza kama ni kubwa, nilimwambia kweli, akanipakulia chakula zaidi ya kawaida. Mtungi wa petroli ninao kibandani, nimeutundika juu. Wateja wakiuliza bei nawaambia huo hauuzwi.

Baada ya hapo, kila dereva yule alipokuja Kiamaiko nilikuwa namngoja lorini kabla hajazima injini. Hatukusalimiana kwanza. Niliuliza, "Upo?" Akajibu, "Iko," kisha ndiyo tukapeana mikono. Kiangazi kilikuwa kirefu. Kila wiki mbuzi walishuka wembamba zaidi, vumbi jingi zaidi, na kila wiki alisema iko, amemwekea maji, na mimi nikarudi kwenye kazi yangu.

Asubuhi moja alisimamisha lori, nikapanda kwenye ngazi ya mlango.

"Upo?"

"Hakuna," akasema.

Nilishikilia kioo cha pembeni. Nilimwona akilini mwanaume mwingine anayepiga mluzi, na mwanamke akikaa tena kwenye mawe.

"Na mawe?"

Dereva alifungua mlango, akashuka. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa na tope, tope la huko juu lililokauka hadi juu ya kifundo.

"Ametawanya," akasema.

"Yote matatu?"

"Yote matatu, mzee," akasema, akaenda kushusha mbuzi.